Kibao cha Pedeli ya Breki

Leokadia mwanangu,

Habari za blanketi, sweta na nani wa kumpigia simu ukifika umeshapewa na mama yako mara tatu, na kwa nilivyomsikia asubuhi bado hajamaliza. Sina la kuongeza huko. Wanasema Arusha kuna baridi, lakini mtoto aliyekulia Sumbawanga hatishwi na baridi ya watu.

Naandika nikiwa gereji. Nimesogeza makopo ya boliti, nimefuta meza, na bado karatasi imeshika oili pembeni kama unavyoona. Wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi yako, naye ninavyomjua hamwachi mtu aondoke kabla hajala. Kwa hiyo nina muda.

Kuna kitu unaondoka nacho kesho ambacho si cha kweli. Nilikupa mimi mwenyewe tangu ukiwa mdogo, na juzi juzi umekitoa mbele ya watu kwa fahari. Sitaki upande basi nacho. Ila nikikisema kikavu kitanishinda, kwa hiyo niache nianzie kwa Bruda.

Wiki tatu zilizopita uliingia humu umeshika simu ukasema, "Baba, naomba usikasirike." Mtu akianza hivyo, hasira huwa imeshatangulia. Ukanionyesha picha ileile iliyokuwa kwenye fremu hapo ukutani: gari refu jembamba, magurudumu yote manne nje, dereva amezama ndani mpaka mabegani, helmeti nyeupe na miwani mikubwa. Nyuma ya ile ya ukutani Bruda Alfonsi aliandika kwa penseli, "Mimi, nilipokuwa kijana." Simu yako ikasema ni mtu mwingine kabisa, mwenye jina lake na nchi yake, na kwamba alikufa mashindanoni mwaka uleule picha ilipopigwa.

Nami nikakujibu nini? Nikasema simu zinadanganya. Nikakuuliza umesomea wapi kumtukana marehemu. Uliinama ukaendelea kufunga klachi ya ile Hiace, na mimi siku nne nzima nikawa nakusemesha kupitia mama yako. Kwa hilo nakuomba radhi. Ukweli ni kwamba nilikuamini palepale. Ndiyo maana nilipandisha sauti.

Sijui kama nimewahi kukueleza vizuri Bruda alikuwa nani kwangu. Alikuwa mzungu mrefu, mtawa asiyekuwa padri, fundi wa magari ya misheni. Mimi na Oskari tulikuwa mafundi wake wawili, vijana wa miaka ishirini na kitu. Zilikuwa zile nyakati za mafuta ya kupimiwa na maduka ya rafu tupu. Plagi ya lori ikifa unaisugua kwa msasa, unaiombea, unairudisha. Na katikati ya dhiki hiyo Bruda alikuwa na sanduku la bati limejaa magazeti ya mashindano ya magari.

Mwanangu, hujui magazeti yale yalitufanya nini. Tumeshabishana sana mimi na wewe juu ya haya magari yako ya kwenye simu, na hata leo sikubali. Magari yale ya zamani hayakuwa na mabawa wala matangazo ya kila duka. Yalikuwa na umbo la samaki, pua mbele, mkia nyuma, magurudumu yamesimama nje peke yake, unaona springi ikifanya kazi, unaona kila fimbo imeshika nini. Gari halikuficha kitu. Boneti lilifungwa kwa mkanda wa ngozi. Dereva alimaliza mbio uso mweusi kwa oili, pale ilipokuwa miwani pamebaki peupe. Kona ikiwa mbaya aliiona mwenyewe na kuamua mwenyewe. Siku hizi dereva anaongeleshwa masikioni kila dakika kama mtoto aliyetumwa dukani.

Najua utasema walikufa kama kumbikumbi. Ni kweli. Bruda alikuwa akifunua ukurasa anaweka kidole juu ya nyuso, moja baada ya nyingine: "Huyu alikufa. Huyu alikufa. Huyu aliacha, akafungua duka." Tuliyajua majina yao kuliko ya watakatifu. Siku moja kanisani, kwenye litania, Oskari alininong'oneza jina la dereva mmoja, na mimi kwa mazoea nikaitikia kwa sauti, "Utuombee." Mungu anisamehe, mpaka leo nikikumbuka nacheka.

Na jioni moja Bruda akatoa ile picha, akanipa mimi, si Oskari, akasema, "Nilikuwa mmoja wao."

Tulijenga lile gari kwa miaka miwili. Wewe unalijua kuliko mtu yeyote, umelala humo mchana tangu ukiwa mdogo: chesi ya vyuma vya vitanda vya bweni, injini ya Volkswagen kuukuu ya padri, bodi ya bati la mapipa. Lakini siku ya kuliwasha mara ya kwanza sijakusimulia yote.

Babu yako alikuja kwa baiskeli kutoka Mwazye amevaa koti lake zito. Unajua ukoo wetu ulikuwa wa wayeyusha chuma, wale wa matanuru marefu ya udongo. Kwao kulikuwa na sharti. Kabla ya moto kuwashwa, kila atakayegusa kazi ile anasema kwa sauti alilomkosea mwenzake. Ukificha, chuma kinakataa, na makaa yote yameungua bure. Babu akasimama mbele ya gari letu akasema, "Hiki ni chuma na huo ni moto. Semeni kwanza." Bruda akacheka, halafu akaona anacheka peke yake.

Oskari akasema aliificha spana yangu namba kumi na tatu mwezi mzima kwa sababu nilimwita kibete. Mimi nikasema mayai ya Bruda yaliyopotea niliyala mimi, nikamsingizia nguchiro. Bruda akafuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena, akasema, "Mimi nilikunywa divai ya misa. Kidogo."

Babu akamwangalia. "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote, mzee."

Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza, hata haikukohoa. Sisi tukarukaruka kama wehu. Babu akapanda baiskeli yake akasema, "Chuma hiki kimekubali haraka mno." Tulidhani anatuonea wivu.

Bruda aliniahidi kunipeleka kwao nikayaone mashindano kwa macho yangu. Mwaka huo nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ufundi Mbeya. Nikaiacha, Leokadia. Nikamwambia babu yako nina safari ya Ulaya. Baada ya ajali ya gari letu wakubwa wake wakamrudisha kwao, akaniambia ataniandikia, nami nikasubiri. Watu wa hapa mjini waliniita Ulaya kwa miaka, na wengine bado wananiita hivyo. Wewe ulidhani ni jina la sifa.

Sasa nije kwenye ajali, kwa namna ulivyoisikia kwangu.

Tulilipakia gari kwenye lori la misheni alfajiri, kimyakimya, ili padri asijue, tukaenda mpaka juu ya mteremko wa Muze, pale Ufipa inapokatika na bonde la Rukwa linaanza. Oskari ndiye aliyekuwa wa kuendesha. Akaogopa, akakimbilia kichakani, akaanguka korongoni akavunjika mguu. Mimi nikavaa helmeti ya Bruda, nikaingia, nikashuka kona sita mpaka breki zikaisha na gari likagonga ukingo. Bruda akanikumbatia akasema hajawahi kuona dereva wa namna hiyo.

Umeisikia mara ngapi? Ulikuwa ukiwasimulia wenzako shuleni. Na mwezi uliopita yule tajiri wa gereji ya magari ya mashindano Arusha alipokuuliza kwenye simu ni nani aliyekufundisha kazi, nilikuwa huku nyuma ya ukuta nikakusikia ukimsimulia kona zote sita. Nikasikia unacheka, ukasema, "Ndiyo, bosi, baba yangu mwenyewe." Akakuambia uje. Mama yako akapiga vigelegele, na mimi nikatoka nje kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Halafu Jumapili Oskari akaja.

Ulikuwa umemwona mara mbili tu, tena misibani, na si bahati mbaya. Ni mimi niliyehakikisha hivyo. Amepanda kutoka Mtowisa na gunia dogo la mchele, zawadi yako ya safari. Ukampigia goti vizuri, "Shikamoo, baba." Akakuitikia, "Marahaba, mwanangu, umekuwa mkubwa." Ukamletea chai. Na kwa kuwa una mdomo wa shangazi yako, ukamtania, "Kwa hiyo ni wewe uliyekimbilia kichakani ukamwachia baba gari?"

Mama yako akacheka. Wewe ukacheka. Oskari akaniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu, lakini mimi nitakumbuka. Alinipa nafasi. Nikainamisha kichwa nikakoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari.

Ndipo akasema, "Ee, mwanangu, ndiyo mimi. Miguu ilikuwa na akili kuliko kichwa." Akausugua ule mguu wake mbovu, akacheka pamoja nanyi.

Mlipoingia jikoni nikaona aibu inanila. Na mtu mwenye aibu hutafuta wa kumlaumu upesi. Nikamshika Bruda. Nikamwambia Oskari habari ya picha, nikasema kwa uchungu wote kwamba mzungu yule alitudanganya, hakuwahi kuwa dereva, alituchezea akili.

Oskari akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa hospitali. Alikaa pembeni ya kitanda akaniambia yote. Alikuwa anaosha ringi, bwana. Yule wa kwenye picha ndiye ambaye Bruda alikuwa akimwoshea gari. Alipokufa, Bruda akaokota helmeti yake, akaingia utawani. Ameniandikia barua tatu, ziko nyumbani."

Barua tatu! Mimi hata kadi ya Noeli sikupata. Nimeacha chuo, nimeitwa Ulaya na kila mpita njia, nimekaa na fremu ukutani miaka zaidi ya arobaini nikiipangusa vumbi kila Jumamosi, na Oskari yuko bondeni na barua tatu, amenyamaza! Nikamuuliza kwa nini yeye na si mimi. Akasema, "Alikuonea haya. Ulimwamini mno."

Nimesalitiwa, Leokadia. Siku hizi chache nimelizungusha neno hilo mdomoni na halimezeki. Nilisalitiwa na mtu niliyempenda kama baba, halafu na rafiki aliyejua akaniacha niendelee kupangusa fremu. Fremu nimeivunja Jumatatu, na ile sauti uliyoiulizia ukaambiwa ni paka, ilikuwa mimi. Sikwambii kwamba nimesamehe. Bado.

Lakini kabla hajaondoka Oskari alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini polepole, akaniuliza bila hasira yoyote, "Sasa wewe unamkasirikia Bruda kwa lipi?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimelisema neno hilo kwa watu wengi maishani na halijawahi kunichoma mimi mpaka Jumapili.

Basi sikiliza. Ilikuwa hivi.

Aliyepangwa kuendesha alikuwa mimi. Bruda alinichagua tangu siku ya picha, akanipa helmeti nikalala nayo. Tulipofika juu ya mteremko palikuwa na ukungu, kisha ukafunguka, nikaona barabara inavyoshuka na bonde lilivyo mbali kule chini. Nikasema tumbo linaniuma, nikaingia kichakani, na nikaenda na helmeti. Niliikumbatia nimechuchumaa, nikimwomba Mungu lile gari lisiwake.

Liliwaka. Nikadhani Bruda analirudisha kwenye lori. Halafu nikasikia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, sauti inashuka. Aliyekuwa ndani ni Oskari. Aliingia na kofia ya sufi aliyofumiwa na mama yake, basi. Nilihesabu kona kwa masikio. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, nikawa nasema moyoni pita, pita. Ya sita sikuisikia ikiisha.

Tulimkuta amekaa ukingoni, mguu umegeuka upande usio wake, anacheka na kulia. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Umeisikia ile ya nne?" Bruda alimkumbatia yeye. Maneno yale kuhusu dereva aliambiwa yeye. Mimi nilikuwa nimesimama barabarani na helmeti mkononi, safi, haina hata vumbi.

Oskari akahamia Mtowisa kwa wajomba zake, Bruda akaondoka, na mimi nikabaki na gari. Mtu akiulizwa kuhusu gari lililoko uani kwake lazima aseme kitu. Mara ya kwanza niliyasema maneno hayo baa, kwa watu wasiokuwa na maana. Mara ya pili yalikuwa mepesi zaidi. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu imechukua miaka arobaini na imefika mpaka Arusha.

Sitakufundisha usiseme uongo, hilo ulifundishwa Kipaimara na ulilishika kuliko mimi. Nakwambia tu nilichokiona. Nilidhani woga wa siku ile ndio aibu yangu. Woga ulikuwa wa dakika kumi. Kilichonila ni kumpa Oskari woga wangu auvae, na yeye akauvaa mbele ya mtoto wangu ili nisivuliwe nguo. Kama ningesema siku ileile, tungecheka wote watatu hospitalini, na labda Bruda naye angesema lake, na mimi ningekwenda Mbeya. Huko kwenye magari ya mbio utaogopa siku moja. Ukiogopa, sema umeogopa, shuka, mpe mwingine helmeti.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ulikuwa na miaka tisa. Uliteleza chini kwenye kiti cha lile gari mpaka mguu wako ukagusa pedeli ya breki, ukaona kile kibao kilichofungwa juu yake kwa mpira wa tyubu. Ukauliza, "Baba, hiki cha nini?" Nikakwambia, "Nilikuwekea wewe, ili ufike." Ulinirukia shingoni ukinuka maandazi. Tangu siku hiyo ukasema utakuwa fundi, kwa sababu baba yako amekutengenezea gari linalokutosha.

Kibao kile si chako. Pedeli zilipimwa kwa miguu yangu mirefu, na Oskari ni mfupi. Alikivunja kutoka kwenye sanduku la spana akakifunga kwa mkono wake, pale juu ya mteremko, wakati mimi nimechuchumaa kichakani. Wewe fundi unayechunguza kila boliti, mpira ule umekauka na kupasuka, ni wa zamani kuliko wewe kwa miaka mingi. Hukuwahi kuuchunguza kwa sababu aliyesema ni baba yako. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Kama utamwambia tajiri wako au utanyamaza, ni juu yako. Ila ukimwambia, mtaje Oskari kwa jina.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umeshapita Laela na huwezi kushuka. Nilishaikunja kabisa. Nikaona ni kichaka kilekile. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo hii, kabla ya chakula, na nitakaa kwenye stuli hapo mlangoni mpaka uimalize, uniambie utakaloniambia. Oskari yuko kwa dada yake hapa mjini. Nimemwomba kesho aje stendi. Ukipenda, msalimie upya. Mimi nitakuwa nimesimama karibu naye, nisikie.

Kibao sijakifungua. Si changu kukifungua.

Basi litawashwa alfajiri, na babu yako alisema kabla ya moto kila mtu aseme. Kwangu mimi ndiyo yote.

Nasikia geti. Sauti ya mama yako imetangulia, kama kawaida, na wewe unacheka nyuma yake. Nanyanyuka sasa. Sikimbii.

Baba yako